Vichezeo vya Watoto na Kasha Lisilofika Nyumbani

Zinapowadia siku kumi za mwisho za Ramadhani, tijara ya vichezeo Dar es Salaam hutoka madukani ikamwagika barabarani, hata mtu apitaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hana budi kuruka magari ya plastiki, wanasesere wenye nywele za nailoni, bunduki za maji na mafungu ya maputo yaliyotandazwa juu ya maturubai. Unguja nako, katika viwanja vya kufurahishia watoto, mnunuzi mkubwa wa sikukuu ni mtoto mwenyewe, aliyefumbata kiganjani mkono wa Idi aliopewa na ami na shangazi zake, na ambaye mshauri wake wa pekee katika ununuzi huo ni yule anayemwuzia. Ni biashara ya namna yake: mtumiaji wa bidhaa aghalabu hajui kusoma onyo, na onyo lenyewe aghalabu halipo.

Kutokuwapo kwa onyo hilo si ghashi ya mchuuzi, kama wengi wadhanivyo, bali ni matokeo ya hesabu ya nauli. Vichezeo vingi viuzwavyo Afrika Mashariki hutoka China, ambako Chenghai, katika jimbo la Guangdong, pamejulikana kwa kazi hiyo, na hununuliwa ama huko ama katika soko kubwa la jumla la Yiwu. Kisha wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao wengi wao hawana mtaji wa kujaza kontena peke yao, huchangia kontena moja na wenzao, kila mmoja akalipia mzigo wake kwa mita za ujazo. Basi kichezeo ni kitu chepesi chenye kula nafasi, na kasha lake la karatasi ngumu, lenye picha na umri wa mtoto anayestahili kukitumia, mara nyingi hula nafasi zaidi kuliko kichezeo chenyewe. Juu ya nauli hiyo ipo forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na ipo kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwa Tanzania Bara, zote mbili zikihesabiwa juu ya thamani ambayo nauli imekwisha kuingizwa ndani yake. Kwa hiyo hewa iliyomo kashani hulipiwa nauli, kisha hulipiwa ushuru. Si ajabu mwenye mali akaagiza mzigo uje ndani ya mifuko ya nailoni, na machinga, ili rangi zionekane, akaichana hata hiyo mifuko.

Umri ulioandikwa kwenye kasha si kipimo cha akili. Wako wazazi wamnunuliao mtoto wa mwaka na nusu kichezeo cha miaka mitatu kwa sababu ni mwerevu, ilhali kinachopimwa hapo ni koo. Katika maabara za viwango hutumika kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7, kitako chake kimekatwa mshazari, kina kikianzia milimita 25.4 upande mmoja na kuishia 57.1 upande wa pili. Kipande chochote kitakachozama chote humo bila kubanwa, kiwe gurudumu la gari au jicho la mwanasesere lililong'oka baada ya kuvutwa, hakifai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Nyumbani, kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kuliko kikopo kile na kwa hiyo kikali zaidi kwa hukumu, hutosha kabisa kwa kazi hiyo.

Yapo hata hivyo madhara ambayo kiini hicho hakiyaoni. Agosti 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliwarudisha kutoka sokoni wanasesere na vichezeo vingine zaidi ya milioni 18 vilivyokuwa na sumaku ndogo zenye kuweza kuchomoka, maana sumaku mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Na mwanzoni mwa mwezi huohuo kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kurudisha vichezeo vingine kwa sababu ya risasi iliyokuwamo katika rangi. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria iliyoshusha kiasi cha risasi katika rangi kutoka sehemu 600 hadi sehemu 90 katika milioni, na kulazimisha vichezeo vipimwe na maabara isiyo ya mtengenezaji. Herufi CE za Ulaya, ambazo wauzaji wetu huzionyesha kwa fahari, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na kwa vichezeo vingi halihitaji shahidi.

Mimi ningeiogopa zaidi ile betri ya duara, bapa kama sarafu, iliyomo katika vitabu viimbavyo na viatu viwakavyo taa. Ikikwama kwenye umio huweza kuuchoma ndani ya saa mbili tu, hata ikiwa imekwisha nguvu ya kuwasha taa. Kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu kinatosha kukirudisha kichezeo kwa mwenyewe, na mtoto ashukiwaye kumeza betri hupelekwa hospitali papo hapo akapigwe eksirei, wala hangojewi aitoe.

Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lilianza mwaka 2012 kutaka bidhaa zikaguliwe huko zitokako kabla ya kupakiwa, na Zanzibar ina taasisi yake yenye sheria ya mwaka 2011. Lakini kontena la kuchangia lina mali za watu wengi, viatu, sufuria na vichezeo pamoja, na mkaguzi wa cheti hawezi kuketi juu ya kila turubai. Kuhusu mitumba, neno moja linatosha: kichezeo kilichotoka robotani huenda kilitengenezwa kabla ya sheria hizo zote, na rangi inayobabuka ni sababu kamili ya kukiacha.

Kwa onyo linalopotea na kasha, dawa iliyo rahisi ni kuuchonga umri ndani ya kalibu, uwe mwilini mwa kichezeo chenyewe, usitupwe pamoja na karatasi. Herufi hizo hulipiwa mara moja, kalibu ikatoa maelfu. Ila anayeagiza katoni chache kutoka ghala la Yiwu hununua kilichokwisha kutengenezwa, wala hana sauti kiwandani. Sauti hiyo wanayo waagizaji wakubwa wachache wa Dar es Salaam na Mombasa, wenye kujaza makontena mazima kila msimu wa Idi na Krismasi.