Mbwa Aliyekuangusha Asiuawe

Aghalabu mpanda baiskeli aangushwapo na mbwa, watu wanaokusanyika pale barabarani huanza na mambo mawili, na yote mawili si ya kuanzia: mmoja huinyanyua baiskeli na kulizungusha gurudumu lake apate kujua kama ringi imepinda, na wengine, kwa hamaki, huokota mawe na magongo wakamfuata yule mbwa ili wamuue. La kwanza halina madhara makubwa, kwa kuwa baiskeli yaweza kungojea; bali la pili laweza kumpotezea majeruhi shahidi wake mkuu, ambaye anahitajiwa hospitali kabla ya kuhitajiwa mahakamani, wala hakuna mwingine awezaye kushika mahali pake.

Mbwa humwangusha mtu kwa njia nyingi. Pengine hukatiza njia ghafula, mpandaji akakamata breki ya mbele akapinduka juu ya usukani. Pengine hufukuza kisigino kinachozunguka na pedeli, naye mpandaji akageuka kutazama nyuma hata akaingia mtaroni. Na pengine huuma kweli, mara nyingi kwenye shavu la mguu. Zote hizi ni ajali za mbwa, mbele ya tabibu na mbele ya hakimu, hata ile ambayo jino halikugusa ngozi.

Jambo la awali ni kumtoa aliyeanguka katika njia ya magari, isipokuwa akilalamikia shingo au mgongo, au akisema kuwa mikono na miguu yake haina hisia, ambapo hafai kusogezwa mpaka wapatikane watu wa kukishika kichwa na kiwiliwili vikae katika mstari mmoja, na mtu mwingine asimame mbali kidogo ayazuie magari. Aliyepigwa kichwa, hata akiinuka akicheka na kujipangusa vumbi, asiachwe alale peke yake usiku ule. Na akitapika tena na tena, au akisinzia kupita kiasi, au maneno yake yakivurugika, au majimaji yasiyo na rangi yakimtoka puani au masikioni, apelekwe hospitali saa ile ile.

Kisha yatazamwe majeraha, na hapa ndipo ajali hii inapotengana na ajali nyingine zote za baiskeli. Aliyeanguka juu ya changarawe huwa na michubuko mingi, gotini, kiwikoni, nyongani na viganjani, na katikati ya michubuko hiyo alama ya jino, ambayo huenda ikawa ndogo kuliko punje ya mtama, hupotea machoni kabisa. Mtu huapa kwamba hakuumwa, na kumbe aliumwa. Au hakuumwa, lakini mate ya mbwa yaliangukia mahali palipokwisha kuchubuka, nayo mate juu ya ngozi iliyochubuka yana hatari ile ile ya meno. Basi maadamu mbwa alimgusa, salama ni kudhania kwamba kila palipochubuka pamepatwa, na paoshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Kwa mwenye maumivu muda huo ni mrefu mno, ndiyo sababu wengi huishia katika dakika ya pili. Sabuni ya kufulia yatosha, kwa kuwa virusi vya kichaa cha mbwa vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuharibu utando ule. Baada ya hapo pakipatikana iodini ipakwe, na kidonda kifunikwe kitambaa safi bila kukazwa. Wala kidonda cha jino hakishonwi kwa haraka, hata kikiwa kimeachama, mpaka tabibu aone.

Wapo wanaokijaza kidonda pilipili, tumbaku au mafuta ya taa, na wote hao humuongezea mgonjwa uchungu bila ya kumuongezea uzima. Na kwa ndugu zetu wa pwani walio wengi, wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao hulazimika kujitohara na mate ya mbwa kwa kuosha mara saba, moja kwa udongo, nasema kwa adabu kwamba mas'ala ya tohara yana wakati wake na yana mashekhe wake wa kuulizwa. Lakini udongo usitiwe ndani ya kidonda kilicho wazi, kwani udongo ni maskani ya vijidudu vya pepopunda. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asiyekumbuka mara ya mwisho alipochomwa sindano ya pepopunda amwambie tabibu, asione haya.

Kichaa cha mbwa ni maradhi yaendayo polepole yakaua kwa hakika. Virusi huingia katika mishipa ya fahamu na kupanda nayo kuelekea ubongo, safari ambayo aghalabu huchukua mwezi mmoja hata mitatu, na pengine huzidi. Na mtu akiisha kuanza kuogopa maji, karibu hakuna tena dawa ya kumwokoa. Upole ule wa mwendo ndio rehema yenyewe, kwa sababu chanjo ikitiwa mapema humtangulia adui njiani. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, ndiye aliyeijaribu kwa mara ya kwanza hadharani tarehe 6 Julai 1885, juu ya mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa siku mbili kabla, na mtoto akapona. Siku hizi sindano hazichomwi tena tumboni kama wazee wanavyosimulia na kuogofya watoto, bali begani. Na katika utaratibu mfupi uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, hutiwa kidogo kidogo ndani ya ngozi, mahali pawili, siku ya kwanza kufika, kisha siku tatu baadaye, na siku saba baada ya ile ya kwanza. Aliyeumwa hata damu ikatoka huhitaji pia dawa ya kinga iliyo tayari, inayopigwa kandokando ya kidonda. Dawa hii ni ghali na ni adimu katika zahanati nyingi za kwetu, na kukosekana kwake si hoja ya kuiacha chanjo.

Sasa turudi kwa mbwa. Virusi havionekani katika mate yake ila siku chache tu kabla ya maradhi kumdhihirikia, na akiisha kuugua hafiki mbali, atakufa. Kwa hiyo mbwa aliyefungwa akaangaliwa kwa siku 10, naye akaendelea kula na kubweka kama desturi yake, ametoa ushuhuda kwamba siku ile alipouma mate yake yalikuwa safi, na tabibu aweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Chanjo huanzwa mara moja bila kuzingojea siku hizo. Lakini majeruhi ambaye mbwa wake yu hai huenda akapunguziwa sindano, nauli na khofu, ilhali yule ambaye mbwa wake ameuawa na umati hana budi kuimaliza dozi yote na kubaki na shaka kwa miezi. Na hata ikilazimu mbwa auawe kwa kuwa ameonyesha dalili za kichaa, kazi hiyo aachiwe bwana mifugo, kwa maana uthibitisho hupatikana katika ubongo, na kichwa kilichopondwa kwa mawe hakimfai mpimaji.

Aliyeanguka na akainuka mzima asijihukumu mzima kabla ya wakati. Atuaye juu ya kiganja kilichonyoshwa aweza kuvunja kijifupa kidogo cha kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambacho katika picha ya eksirei ya siku ya kwanza pengine hakionyeshi ufa wowote, na kikaja kuonekana baada ya juma moja au mawili; nacho, kwa kuwa hupata damu kwa shida, kisipofungwa hukataa kuunga, na mtu akabaki na mkono usioweza kukamata jembe wala usukani. Aliyechomwa tumboni na ncha ya usukani naye asidharau maumivu ya ubavu wa kushoto, hasa yakipanda mpaka begani. Huko ndiko liliko bandama, na katika nchi za malaria bandama la watu wengi huwa limevimba kwa homa za miaka, na lililovimba hupasuka kwa pigo ambalo lisingemdhuru mwingine. Damu huvuja kwa ndani, mgonjwa akiwa amekwisha kunywa chai na kuwashukuru waliomsaidia.

Haya ndiyo yanayonifanya nipinge kwa nguvu zote suluhu za kandoni mwa barabara. Mwenye mbwa, kwa tahayuri au kwa ujanja, hutoa fedha za kiraka cha mpira, spoku mbili na soda, na pengine huandika kikaratasi cha majeruhi kutia sahihi kwamba ameridhika. Fedha ya kumpeleka hospitali ipokewe kwa shukrani, na iandikwe kuwa ni ya matibabu. Lakini sahihi ya kumaliza madai isitiwe kabla kifundo, kichwa na tumbo havijatoa habari zao. Badala yake lichukuliwe jina la mwenye mbwa na la mwenyekiti wa mtaa wake, pamoja na majina ya watu wawili watatu walioona. Zipigwe picha za mahali, za lango lililoachwa wazi, za kamba iliyokatika, za baiskeli kabla ya kupelekwa kwa fundi, na za majeraha siku ile na siku za baadaye yanapogeuka rangi. Na iulizwe, mbele ya mashahidi, kama mbwa ana cheti cha chanjo. Polisi waarifiwe: huko Tanzania hutoa fomu iitwayo PF3, na Kenya iitwayo P3, ambazo tabibu huzijaza, lakini jeraha litangulie kuoshwa, kwani karatasi haina haraka ya kidonda.

Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza ina njia mbili za kumfikia mwenye mbwa. Ikithibitika kwamba alijua mbwa wake ana tabia ya kushambulia watu, atawajibika hata bila ya kuonyeshwa uzembe wake, na ndiyo maana jirani aliyewahi kuumwa mwaka juzi ni shahidi wa thamani. Ikiwa hakujua, yabidi athibitishiwe uzembe: lango bovu, mnyororo uliooza, mbwa kuachiwa mchana penye njia ya watu. Wakili wake huenda akaleta shauri la Searle na Wallbank la mwaka 1947, ambamo mahakama ya juu ya Uingereza ilimnyima fidia mpanda baiskeli aliyegongana na farasi aliyetoroka malishoni, kwa hoja kwamba mwenye mnyama asiyejulikana kuwa na hatari halazimiki kumzuia asitangetange barabarani. Kwa maoni yangu kanuni ile ilizaliwa zama za mikokoteni na ilistahili kufa nazo. Bunge la Uingereza lenyewe liliifuta kwa Sheria ya Wanyama ya 1971. Fauka ya hayo, kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 243 katika ile ya Kenya, humhesabu mkosaji mtu ambaye, kwa uzembe wa kuhatarisha maisha ya wengine, huacha kuchukua hadhari juu ya mnyama aliye mikononi mwake.

Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka mitatu katika nchi zote mbili, na Kenya kuna mahakama ya madai madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mdai naye ajue kuwa ataulizwa habari za breki zake, taa yake na mwendo wake, na taksiri yake itakatwa katika fidia.

Nanyi wenye mbwa msomao haya, mpelekeni mbwa akachanjwe kila mwaka, na cheti chake kiwekwe mahali pa kupatikana upesi. Kwa kuwa siku atakapomwangusha mpita njia, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho tabibu atamtuma mtu kuja kukiomba mlangoni kwenu.