Kwa Nini Kompyuta Kuu ya Hospitali ya Wilaya Hujizima

Wananchi kadhaa wamefika katika ofisi za kata wakiuliza kwa nini, umeme unapokatika mchana wa joto kali, dirisha la mapokezi la Hospitali ya Wilaya hufanya kazi kwa muda, kisha ghafla hurudia daftari la karatasi. Swali hilo ni la haki.

Kumbukumbu za wagonjwa, dawa na malipo hutunzwa katika kompyuta kuu, yaani seva, iliyomo katika chumba kidogo chenye kiyoyozi. Umeme ukikatika, seva hubebwa na betri; kiyoyozi hakibebwi na chochote, kwa kuwa jenereta huhudumia kwanza wodi na chumba cha upasuaji. Seva huendelea kutoa joto ndani ya chumba kilichofungwa. Ikizimika yenyewe kwa kuzidiwa, kumbukumbu zinazoandikwa wakati huo zaweza kuharibika. Ndiyo maana imefungiwa kipima joto chenye amri ya kuizima kwa utaratibu.

Ugumu upo katika kuchagua kiwango. ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa viyoyozi yenye makao Marekani, hupendekeza hewa inayoingia katika seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Kuizima kwenye nyuzi 28 kungekuwa woga, na wagonjwa ndio wangelipia kwa foleni. Kusubiri nyuzi 45 kungekuwa uzembe, kwani kuzima kwa utaratibu huhitaji dakika kadhaa, na joto halingoji. Kwa hiyo nyuzi 27 zikipita, fundi wa zamu hupata ujumbe wa simu. Zikifika 35 na kudumu dakika tano, kanzidata hufungwa kwanza, kisha seva hujizima. Dakika hizo tano huzuia seva kuzimwa kwa sababu tu mtu ameacha mlango wazi. Kipima joto nacho kimewekwa mbele ya seva, hewa inapoingia. Kingekuwa nyuma, kingepima pumzi ya moto ya mashine yenyewe.

Hata hospitali kubwa hupatwa. Tarehe 19 Julai 2022, joto lilipovuka nyuzi 40 jijini London, hospitali za Guy's na St Thomas' zilipoteza vituo vyao vyote viwili vya kompyuta, na madaktari wakaandika kwenye karatasi kwa wiki kadhaa.

Seva yetu haijiwashi. Fundi huiwasha chumba kikishapoa, na yaliyoandikwa daftarini huingizwa siku hiyo hiyo. Mgonjwa anaombwa kuja na kadi yenye namba yake ya usajili, maana bila seva namba hiyo haitafutiki.