Kiswahili cha Mlimani: Mgeni wa Kujitolea Anapofika Usambara

Miongoni mwa wageni wanaojifunza Kiswahili katika nchi zetu, wapo wanaosoma kwa haraka kuliko wengine kwa sababu wanakwenda kukaa kijijini. Hawa ni watu wa kujitolea kutoka Marekani, Japani na Ulaya, ambao husoma lugha kwa muda mfupi kisha hupelekwa kufundisha shuleni au kusaidia kazi za kilimo na afya. Desturi hii si ngeni. Kundi la kwanza la Peace Corps lilifika Tanganyika mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru. Katika makala haya tunapenda kueleza ni Kiswahili gani kinachomfaa mgeni wa namna hiyo, na tumechagua mfano wa milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga.

Ukitoka Mombo, barabara hupanda kwa kona nyingi kupitia Soni hadi Lushoto, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Julai watu huvaa masweta. Mashamba ya mahindi, maharage, viazi na kabichi yamening'inia kwenye miteremko. Mgeni aliyedhani Tanzania yote ni joto na minazi hupigwa na baridi kwanza, halafu hupigwa na jambo la pili: nyumbani watu wanaongea Kisambaa. Kiswahili kipo shuleni, ofisini, sokoni na katika mkutano wa kijiji, lakini bibi anayepalilia maharage hucheka na mjukuu wake kwa Kisambaa. Sisi wa Uganda hatushangai, maana kwetu pia Kiswahili ni lugha ya kukutana, si ya mekoni. Kwa hiyo mgeni na mwenyeji wake mara nyingi wote wawili wanazungumza lugha ya pili. Hilo linapaswa kumpa mgeni moyo. Akijua hata "Onga mshi", salamu ya mchana ya Wasambaa, atacheza na watoto wa njia nzima.

Salamu zenyewe tunazifundisha, ila tunazifundisha kwa ufupi mno. Katika njia nyembamba ya mlimani huwezi kumpita mtu kwa "Hujambo" tu. Mzee huamkiwa "Shikamoo" na mgeni husimama kusubiri "Marahaba", kisha yanafuata ya nyumbani, ya watoto na ya shamba. Mama aliyebeba mzigo wa kuni huambiwa "Pole na mzigo, mama". Neno hili "pole" huwasumbua sana wanafunzi wetu; hulichanganya na "samahani", kana kwamba wao ndio waliomtwika mama yule kuni. Kadhalika hupenda "nataka" pale panapohitaji "naomba". Si kosa la sarufi, na kwa hiyo mwalimu halisahihishi, lakini kijijini husikika vibaya.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika neno "ndiyo". Mgeni wa kilimo akisimama mkutanoni na kusema, "Inabidi mchimbe matuta kuzuia mmomonyoko," atajibiwa "Haya", "Sawa", pengine "Inshallah". Ataandika katika ripoti yake kwamba wanakijiji wamekubali. Hawakukubali, wamemstahi. Na Usambara neno "matuta" lina historia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta mashambani, kazi nzito iliyowaelemea hasa wanawake. Watu walipinga kwa nguvu, na mpango huo ukaachwa kabla ya uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika juu ya Wasambaa mwaka 1974 na tena mwaka 1990, ameonyesha kwamba mambo haya waliyazungumza kwa maneno yao wenyewe: "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi, na "kubana shi", yaani kuiharibu. Msomaji ataona kwamba "shi" ni ndugu wa "nchi" yetu. Miradi ya baadaye, kama ule wa SECAP ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, ilitumia pia majani na miti iliyopandwa kukinga maji kwenye miteremko. Mgeni asiyejua habari hizi hufufua ugomvi wa mababu bila kukusudia.

Anayetaka kuzama zaidi anaweza kusoma Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa kwa Kiswahili. Lugha yake ni ngumu kwa mwanafunzi mpya, lakini kurasa chache zinatosha kumwonyesha kwamba mlima huu ulikuwa na serikali yake.

Darasani tunashauri zoezi moja. Mwanafunzi mmoja awe mgeni aliyefika kwa mtendaji wa kijiji na barua yake ya utambulisho, mwingine awe mtendaji, wa tatu mzee asiyependa mradi lakini hataki kusema hapana. Mgeni akatazwe kutumia "lazima", "inabidi" na "mnapaswa". Aulize tu: "Mzee, zamani shamba hili mlililimaje?" Wenzake wahesabu ni mara ngapi mzee amesema "haya", na baada ya zoezi mzee mwenyewe aeleze kila moja ilikuwa na maana gani.