Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi naitreti

Kila masika wasomaji wa Manzese huuliza swali lilelile: maji ya kisima chetu ni meupe na tunayachemsha, hofu ya nini? Kwa kipindupindu, kama kile kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015 kikasambaa nchini, kuchemsha ni kinga ya kweli. Kwa naitreti hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, naitreti inabaki, na kila glasi inakuwa nayo nyingi kuliko mwanzo.

Inatoka chooni. Yurea ya mkojo hugeuka amonia, na bakteria wa udongoni wakipata hewa huigeuza naitraiti, kisha naitreti. Hapo ndipo penye ajabu. Amonia ikiyeyuka majini hubeba chaji chanya, nazo chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, hivyo udongo huinasa. Bakteria wakimaliza kazi yao, naitrojeni ileile iliyokuwa imenaswa inakuwa na chaji hasi. Udongo hauna tena pa kuishikia, nayo inasafiri kwa mwendo wa maji yenyewe. Mchanga wa Dar es Salaam huchuja vimelea vingi umbali ukitosha, lakini naitreti inapita. Haina rangi wala harufu. Weupe wa maji basi si ushahidi wa chochote, na anayesema ladha ya chumvi lazima iwe ya bahari anasahau kwamba mkojo nao una chumvi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wa chini ya miezi 6 wanaokorogewa maziwa ya kopo. Naitreti ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikageuka bluu.

Shabu hutuamisha tope tu. Klorini huua vimelea, basi. Anayepita akiuza unga wa "kusafisha kisima" au sumaku ya kufunga kwenye bomba ni tapeli, na hilo linaniudhi kwa sababu anayemwamini mara nyingi ni mama mwenye kichanga.

Cha kusafishwa ni kiwanja. Shimo la choo lililojaa, likafukiwa na kujengewa vyumba vya kupanga, bado linavuja. Tathmini ihesabu mashimo yote, ya sasa na yaliyofukiwa, iangalie mteremko wa kuelekea Mto Ng'ombe, na ichukue sampuli masika na kiangazi. Naitreti na kloraidi ya chumvi zikipanda pamoja, mshukiwa wa kwanza ni choo. Kutapisha choo wakati wa mvua ni kumhamishia jirani uchafu. Liitwe gari la kunyonya, lipeleke kwenye mabwawa ya Vingunguti. Kisima kirefu nacho kizibwe vizuri pembeni ya bomba, la sivyo maji ya juu yanashukia humo.

Naitreti iliyokwisha kuingia ardhini hukaa miaka. Mwenye nyumba aliyenyonya mashimo yake aendelee kupima, na hadi kipimo kishuke, maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya bomba la DAWASA, yaliyochemshwa.