Tangawizi: Kinywaji cha Mzizi

Ukipita jioni katika eneo la viwanda la Malukhu, mjini Mbale, huenda ukawakuta wafanyakazi wameuzunguka mtungi wa malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Malwa ni pombe ya ulezi, nayo huongezwa maji ya moto kila inapopungua. Lakini tazama vizuri. Mara nyingi yupo mmoja aliyeketi nao, anayecheka nao, na mkononi ana chupa ya hudhurungi. Huyo anakunywa Stoney Tangawizi.

Kinywaji cha namna hii kina ndugu zake ng'ambo. Mfamasia Charles Hires wa Philadelphia, Marekani, alikitangaza kinywaji chake cha mizizi katika maonyesho makubwa ya mwaka 1876. Yeye mwenyewe hakupenda pombe. Yasimuliwa kwamba alitaka kukiita chai, akaonywa kuwa wachimba makaa wa Pennsylvania hawatanunua chai. Basi akakiita bia ya mizizi. Nadhani aliyemwonya aliwafahamu wanaume.

Kwetu sisi mzizi ni tangawizi. Wataalamu wa mimea husema kwamba hilo ni shina litambaalo chini ya ardhi, lakini jikoni hakuna anayebishania jambo hilo. Asili yake ni Asia, na Waganda huiita ntangawuuzi. Waingereza walitengeneza bia ya tangawizi tangu karne ya 18. Stoney, ambayo ni mali ya kampuni ya Coca-Cola, ilianzia Afrika ya Kusini mwaka 1971, na huku kwetu ikaongezewa jina la Kiswahili. Katika makambi ya askari, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kazi, jina hilo halihitaji mkalimani.

Marehemu baba yangu alikuwa askari. Kwa miaka mingi mshahara wake uliishia kantini kabla ya mama kuuona. Daktari alipomkataza pombe, shida yake haikuwa kiu, bali upweke: angeketi wapi na wenzake bila chupa? Stoney ilimrudishia kiti chake. Ilimkwaruza koo, ikamtoa machozi kidogo, na hakuna aliyemwita mtoto. Ada ya shule ya muhula uliofuata ililipwa kwa wakati.

Mama wa nyumbani aweza kuitengeneza mwenyewe. Para tangawizi mbichi kiasi cha kiganja, ichemshe katika lita 2 za maji kwa dakika 20, kisha ichuje. Tia kikombe 1 cha sukari, na ikishapoa kamulia malimau 2. Iweke mahali penye baridi, inywewe kwa siku mbili tatu. Wengine hutia hamira ili itoe povu. Hiyo ikiachwa huchachuka na kupata kileo. Kwa hiyo, ikiwa nyumbani yupo aliyeacha pombe, hamira isitiwe.