Fahamu: Japani, upasuaji na jinsia ya kwenye karatasi

Oktoba 2023, Mahakama ya Juu ya Japani ilibatilisha sharti la sheria ya 2003 lililomtaka mtu aondolewe uwezo wa kuzaa kabla ya jinsia yake kubadilishwa kwenye daftari la familia. Wengi waliobadili jinsia walishangilia: kisu kiwe hiari, maana si kila mwili unakihimili, wala si kila mfuko unakimudu. Lakini wapo wenzao waliopinga, wakihofia kwamba bila upasuaji jamii itawatilia shaka hata wao waliokwisha kufanyiwa. Hofu hiyo naielewa. Ila sioni kwa nini mwingine ailipie kwa mwili wake. Julai 2024, mahakama ya rufaa Hiroshima ilimkubalia mlalamikaji aliyeifikisha kesi hiyo Mahakama ya Juu jinsia mpya bila upasuaji.