Nyumba ya mtu ni sitara yake

WENGI wetu likitajwa jina la Marekani huwaza majumba yagusayo mawingu na magari ya fahari. Ni wachache wajuao kuwa katika nchi hiyohiyo mna mabonde ambamo mvua ikinyesha usiku, mwenye nyumba husogeza kitanda chake, akatega ndoo, akakesha akingoja kuche. Mabonde hayo yamo katika milima ya Appalachia, mashariki ya jimbo la Kentucky na kwa majirani zake: Tennessee, Virginia na West Virginia.

Huko watu waliishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Mitambo ilipochukua kazi ya mikono, maelfu ya wanaume walibaki bila ajira. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitangaza vita juu ya umaskini, na mwezi wa Aprili akaenda mwenyewe wilaya ya Martin, Kentucky, akapigwa picha barazani kwa mtu mmoja aliyekosa kazi. Picha hiyo ilienea dunia nzima. Walakini picha haiezeki nyumba.

WALIVYOANZA

Miaka mitano baadaye, yaani 1969, mchungaji mmoja wa kanisa la Methodisti, Glenn Evans, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Tex, alikusanya watu 50, vijana na watu wazima, akawapeleka katika mji mdogo wa Barbourville, Kentucky. Walitengeneza nyumba 4. Kazi hiyo ikaitwa Appalachia Service Project, nayo ingali ikiendelea. Nyumba zilizokwisha kutengenezwa sasa ni maelfu. Mwaka 1978 mchungaji mwingine wa Methodisti, John Culp, alianzisha kambi za namna hiyo katika jimbo la South Carolina, zijulikanazo kwa jina la Salkehatchie.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Mbiu ya msaragambo ilipolia, kila mmoja alitoka na alichonacho: huyu fito, yule kamba, na kina mama wakaweka chungu jikoni. Jua halijatua, nyumba ya mjane imekwisha ezekwa. Lakini tofauti ipo. Katika msaragambo waitikiao ni majirani, nao wanamjua mwenye nyumba tangu utotoni. Katika kambi za Marekani waitikiao ni wageni kutoka miji ya mbali, wengi wao vijana wa shule ambao pengine hawajapata kushika nyundo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa huja na jembe lao siku ya kwanza. Basi wasipopangwa vyema, wataharibu.

KAZI KABLA YA KAZI

Kambi yenyewe ni ya juma moja tu kwa kila kundi, wakati wa likizo ya kiangazi. Matayarisho yake ndiyo marefu. Familia zenye shida huomba mapema. Kisha waandalizi hufika nyumba kwa nyumba, wakapima, wakatazama chini ya sakafu na juu ya dari, na zaidi ya yote wakamwuliza mwenyewe ni lipi linalomsumbua. Mgeni aweza kuona rangi iliyobambuka akadhani hiyo ndiyo shida, kumbe mwenyewe anahofia ngazi mbovu asiyoweza kushuka kwenda kwa daktari.

Baada ya hapo huja hesabu: mbao, misumari, mabati, na vitu vya kujaza kutani kuzuia baridi, kwani majira ya baridi milimani ni makali. Vijana na makanisa yao hutoa ada ya kuhudhuria, nayo husaidia gharama za kambi na vifaa. Hulala shuleni au katika kumbi za makanisa, na hugawanywa vikundi vidogovidogo, kila kimoja kikiwa na watu wazima wa kukiongoza.

Fundi yeyote atakwambia kuwa nyumba ina utaratibu wake. Kwanza zuia maji. Ukitengeneza sakafu huku paa linavuja, umeitupa mbao yako. Likishapona paa, ndipo ziangaliwe nguzo na boriti, halafu sakafu, halafu ngazi, au mteremko wa mbao kwa atembeaye kwa kiti cha magurudumu. Rangi huja mwisho. Na kwa kuwa juma moja halitoshi, kundi la leo huacha kazi, na kundi la juma lifuatalo huipokea. Kwa hiyo ni lazima kila kilichofanywa kiandikwe, asije wa pili akabomoa alichojenga wa kwanza.

MWENYE NYUMBA NI NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Nyumba ya mtu ni sitara yake. Anayemruhusu mgeni kuingia hadi chumba cha kulala na kutazama palipooza, amemfungulia aibu yake. Akishahisi kwamba wageni wamekuja kumhurumia, au kumpiga picha wakaonyeshe kwao, paa laweza kupona na moyo ukabaki na donda.

Evans alilijua hilo. Aliwafunza vijana wake wampokee kila mtu alivyo na pale alipo, na kwamba udugu na wenyeji ndio kazi ya kwanza. Nyundo ni ya pili. Ndiyo maana vijana huhimizwa waweke vifaa chini wakati wa chakula, wakae na wenye nyumba, wasikilize. Mzee aliyefanya kazi mgodini ana mengi ya kumfunza kijana wa mjini, na pengine hata kushika msumeno atamfunza yeye.

Msomaji Mwislamu hana budi kuuliza: je, hawa hawaendi kuwabadilisha watu dini? Ni swali la haki. Katika mradi ule wa Appalachia, familia haichaguliwi kwa dini wala haitakiwi kuhudhuria ibada ndipo paa lake litengenezwe. Vijana wana sala zao kambini, lakini msumari haupigwi kwa sharti. Na lau ungepigwa kwa sharti, usingekuwa msaada tena, ungekuwa biashara.

LAWAMA NA JAWABU

Wapo wanaolaumu. Husema kwamba nauli na chakula cha vijana hao vingetosha kuwalipa maseremala wa hukohuko, nao wana njaa ya kazi. Husema tena kwamba juma moja la wema halifungui mgodi uliofungwa. Maneno hayo yana uzito, na anayeandaa kambi bila kuyafikiri anajidanganya. Paa jipya haliondoi umaskini. Lakini ajuza aliye ndani hawezi kungoja uchumi wa jimbo zima utengemae ndipo alale pakavu. Na kijana aliyetambaa chini ya sakafu yake hatasema tena kwa wepesi kwamba maskini ni wavivu.

Huku kwetu masika huja kila mwaka, na kila mtaa una paa lijulikanalo kuwa linavuja. Vijana tunao, misikiti na madrasa tunazo, na mafundi wa kuwaongoza wapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kupandisha ngazi, apigiwe hodi kwanza mwenye nyumba, naye aulizwe kwa heshima: mama, wewe wataka tuanzie wapi?